Kuzuia kuanguka na kuumia kichwa saiti: mwongozo kwa anayejenga nyumba au ghorofa ndogo

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Naanza kunyanyua ghorofa, nina mafundi na vibarua kadhaa, ninunue helmeti za bei gani?" Jibu langu huwa haliwafurahishi watu. Helmeti zinunuliwe, lakini ziko mwishoni mwa orodha. Helmeti haimzuii mtu kudondoka. Anayeanguka kutoka mita 3, kimo cha dari ya nyumba ya kawaida, anafika chini kabla sekunde moja haijaisha, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Hapati hata muda wa kushika kitu. Kwa hiyo tutaanza na mashimo, kingo, majukwaa na ngazi, kisha ndipo tufike kichwani.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye nyumba unayesimamia mwenyewe, fundi mkuu, au mkandarasi mdogo mwenye watu wachache. Kama unajenga ghorofa sita, tafuta afisa usalama aliyesomea kazi hiyo.

Kuhusu sheria nitasema kwa kifupi. Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Kenya kuna sheria ya 2007 iliyo chini ya DOSHS, idara ya serikali ya usalama kazini. Kote huko mzigo uko kwa mwajiri, na saiti ya vibarua wa kutwa ni mahali pa kazi sawa na kiwanda. Maneno ya "alikuja mwenyewe kuomba kazi" hayatakusaidia.

Kabla hujaanza, kusanya hivi

- Mbao nzima za inchi 2 za kukanyagia jukwaani. Zitenge na mbao za fomwaki (zile za kushikilia zege mpaka likauke) na uzipake rangi kwenye ncha ili zisichanganywe. Mbao iliyokwisha kupigwa misumari na kulowa zege si ya kusimamia mtu.
- Mirunda mipya iliyonyooka, au jukwaa la chuma la kukodi.
- Ngazi mbili. Ikiwa moja tu, siku itakapokuwa inatumika kwingine mtu atapandia kwenye dirisha.
- Kamba nene ya manila, kapi, na ndoo yenye mpini wa chuma usiochomoka.
- Vipande vya marini bodi (plaiwudi nene) au mbao za kufunikia mashimo, na kopo la rangi nyekundu.
- Helmeti yenye kamba ya kidevu kwa kila mtu, na 2 au 3 za wageni. Mama mwenye nyumba akija kuangalia jengo lake Jumamosi naye ana kichwa.
- Viatu vilivyofungwa, vyenye soli isiyoteleza. Kandambili na yeboyebo zibaki getini.
- Mkanda wa mwili mzima, ule wenye kamba za mabegani na mapajani, kwa kila atakayefanya kazi juu ya paa.
- Sanduku la huduma ya kwanza, na ubao wenye namba za simu: hospitali ya karibu, mtu mwenye gari, na namba za dharura. Kwa Tanzania 112 ni ya dharura na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji.
- Mtu mmoja wa kusema "simama" na kazi ikasimama. Mtaje kwa jina mbele ya wote siku ya kwanza. Bila huyo, yote yaliyo hapo juu ni mapambo.

1. Zunguka saiti kabla mtu hajapanda

Kila asubuhi, kabla ya kuchanganya mota, mtu uliyemtaja azunguke jengo zima. Aangalie kilichobadilika tangu jana: ubao uliochukuliwa, kamba iliyolegea, shimo jipya la fundi bomba, misumari iliyochomoza kwenye mbao zilizotupwa. Mvua ikiwa imenyesha usiku, atazame udongo chini ya miguu ya jukwaa. Dakika 10 zinatosha.

Hapo hapo aangalie na watu. Mwenye homa, aliyekunywa dawa za kumpa usingizi, au ambaye hajala tangu jana, apewe kazi ya chini. Mlevi arudi nyumbani. Viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2017, lakini harufu ya saa mbili asubuhi bado tunakutana nayo.

Kama kuna nyaya za TANESCO karibu na jengo, jukwaa la chuma na nondo ndefu zisisogezwe upande huo. Mtu akipigwa shoti akiwa juu, umeme usipomuua ataanguka.

2. Funika kila shimo la sakafu

Slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, ikishakauka inabaki na matundu: la ngazi, la mabomba, pengine la kuingizia mwanga. Nje kuna shimo la choo na la tangi la maji. Haya humeza watu bila wao kutarajia, tofauti na ukingo ambao mtu anauona.

Kifuniko kiwe kinene kiasi cha kubeba mtu aliyebeba mzigo. Kipite mdomo wa shimo angalau sentimita 30 kila upande, na kipigiliwe kisisogee. Juu yake andika SHIMO kwa rangi nyekundu, herufi kubwa.

Kosa linaloua: kulaza marini bodi juu ya shimo bila kuipigilia wala kuiandika. Kibarua anatumwa kutafuta ubao. Anauona umelala, anainama, anaunyanyua kwa mikono miwili mbele ya kifua chake. Sasa ubao wenyewe umemziba macho asione miguu yake. Anapiga hatua moja mbele, ndani ya shimo lile lile alilolifunua. Ajali ya namna hii inajulikana kwenye ujenzi dunia nzima, na dawa yake ni misumari minne.

3. Weka kizuizi kwenye kingo

Slabu yoyote watu wanayotembea juu yake iwe na kizuizi pembeni. Mbao ya juu ikae kimo cha mita 1 hivi, ya kati nusu yake, na ya chini kabisa iwe ubao uliosimama wenye kimo cha sentimita 15. Huo wa chini ni wa kuzuia tofali au nyundo isisukumwe kwa mguu ikamdondokea aliye chini.

Jaribu kizuizi kwa kukiegemea taratibu ukiwa umejifunga kamba. Kikicheza, kirudiwe. Utepe wa rangi nyekundu na nyeupe si kizuizi, ni taarifa tu. Ukiutumia, uweke mita 2 nyuma ya ukingo, na mtu asivuke.

Usisahau ngazi za zege zisizo na mikono. Watu hupanda na kushuka hapo miezi mingi kabla fundi wa vyuma hajaletwa. Piga mbao za muda siku ile ile unapotoa fomwaki.

4. Jenga jukwaa la kubeba watu na matofali

Je, jukwaa la mirunda linafaa? Kwa nyumba ya chini na ghorofa moja linafaa, likijengwa na anayejua. Zaidi ya hapo kodi la chuma, na gharama hiyo iingize kwenye bajeti tangu mwanzo, usingoje ukuta ufike juu ndipo uanze kutafuta hela.

Chagua mrunda mmoja mmoja. Wenye ufa, ulioliwa na mchwa au uliopinda uwe kuni. Choma kisu sehemu ya chini: kikiingia kirahisi, umeoza.

Chimbia miguu nusu mita na ushindilie vizuri. Mahali pa zege usipoweza kuchimba, ikalie kwenye ubao mpana na uifunge miguu isiteleze. Usiegemeze mguu wa jukwaa juu ya tofali. Tofali la kuchoma hupasuka, na la saruji hupinduka.

Nafasi kati ya mrunda na mrunda isizidi mita 1.5 kwa mbao zetu za kawaida, ambazo hakuna aliyezipima nguvu. Mishikio ya kulala ipigwe misumari na pia ifungwe kwa waya au kamba. Mrunda mbichi unapokauka hunywea, msumari unalegea bila mtu kujua. Ndiyo maana vifungo hukaguliwa kila wiki hata kama hakuna aliyevigusa.

Kisha piga mirunda ya mshazari, ile inayokatiza kona kwa kona. Hiki ndicho kinachorukwa kila siku, kwa sababu jukwaa husimama hata bila hiyo. Husimama mpaka siku watu watatu wanaposogea upande mmoja. Mwisho lifunge kwenye jengo kupitia matundu ya madirisha, kila baada ya mita 4 hivi.

Mahali pa kukanyaga pawe na upana wa sentimita 60 au zaidi, mbao zikiwa zimebanana. Ncha ya ubao ipite mhimili wake kati ya sentimita 5 na 15. Ikiwa fupi zaidi itachomoka, na ikiwa ndefu zaidi mtu akiikanyaga upande wa pili unanyanyuka, naye anashuka nao. Jaribu kila ubao chini kwanza: ulaze juu ya matofali mawili kwa umbali ule ule wa kazi, wasimame watu wawili.

Sasa uzito. Tofali la saruji la inchi 6 lina kilo 25 hadi 30 hivi. Matofali 20 ni nusu tani au zaidi, bado mafundi, karai na mota. Pandisheni machache machache, myapange karibu na miguu ya jukwaa na si katikati ya ubao.

Angalia hapa: wapiga lipu hupenda kutoa mrunda wa mshazari kwa sababu unawazuia mkono, kisha hawaurudishi. Weka sharti kwamba anayetaka kutoa kipande chochote amwite aliyejenga jukwaa. Ukikuta kimetolewa, shusha watu wote kwanza, ugomvi baadaye.

5. Simamisha ngazi vizuri

Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi utoke ukutani mita 1. Ncha ya juu ipite mahali pa kushukia kwa mita 1 ili mtu awe na cha kushika anapohama. Funga juu. Kabla haijafungwa, mtu mmoja aikanyage na kuishika chini, na asiiache kwenda kupokea simu.

Ngazi za kupigilia za mirunda zina ugonjwa mmoja: vipago, yaani vile vipande vya kukanyagia, vinabebwa na misumari tu. Chonga kitako kidogo kwenye mrunda kipago kikalie, ndipo upige msumari. Umbali kati ya kipago na kipago uwe sawa, kama sentimita 30. Kipago kimoja kikiwa mbali kuliko vingine, mguu utakikosa wakati wa kushuka.

Anayepanda aitazame ngazi, na wakati wote miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja, viwe vimeshika. Maana yake karai kichwani haliruhusiwi. Najua saidia fundi anaweza. Nimewaona wakipanda na karai la zege bila kushika chochote, kwa ustadi wa kushangaza. Lakini siku akiteleza hana mkono wa kumwokoa, na lile karai litampata aliye nyuma yake.

6. Pandisha vitu kwa kamba

Funga kapi kwenye mhimili unaojitegemea, si kwenye ubao wa kizuizi. Ndoo isijazwe mpaka mdomoni. Weka mbao au mapipa kuzunguka eneo la chini, mtu asipite wakati mzigo uko hewani, hata mvutaji asimame pembeni. Nyundo ya kilo 1 ikidondoka kutoka mita 10 inafika chini na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa.

Vifaa vidogo vikae kwenye mfuko wa kiunoni au ndoo iliyofungwa. Mbao na mabaki ya zege visitupwe chini kwa kelele ya "angalia huko!" Anayeitwa hivyo kwanza huinua uso.

Nondo zilizosimama kwenye kolamu (nguzo za zege) na msingi nazo zifunikwe. Chupa za maji watu wanazovika juu husaidia nondo zionekane tu, hazizuii kumchoma anayezidondokea. Pigilia ubao mnene juu ya mstari mzima.

7. Kazi ya paa

Hapa nitakaa kidogo, maana kupaua ndiko kunakofanywa kwa mazoea kuliko kazi nyingine zote.

Usianze alfajiri bati likiwa na umande, wala mara tu mvua inapokatika. Upepo ukiwa mkali, acha kabisa. Fundi aliyeshika bati zima la mita 3 kwenye upepo hulishikilia kwa kuionea huruma hasara, na upepo huwachukua wote wawili. Waambie mapema kwamba bati likipeperuka hakuna atakayekatwa.

Tembea juu ya mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake kuna mbao. Bati la plastiki la kupitisha mwanga, na bati za asbesto kwenye maghala na majengo ya zamani, hazikanyagwi hata na mtoto. Ukilazimika kupita, laza ubao mrefu unaokalia mihimili miwili au zaidi.

Mkanda wa kiunoni peke yake usiutumie kumdaka mtu. Unamkunja katikati na kumuumiza mgongo na tumbo. Tumia wa mwili mzima, kamba ikitoka kwenye pete ya mgongoni. Ifunge juu ya kichwa chako inapowezekana, kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) iliyokwisha kufungwa na wenzake kwa mbao za mshazari au kwenye bimu ya zege. Usifunge kwenye ubao mmoja uliopigiliwa, bomba la maji, gata, au kenchi iliyosimama peke yake.

Kisha piga hesabu ambayo karibu kila anayeanza huiruka. Kamba ya mita 2 yenye kile kifurushi cha kupunguza mshtuko hufunguka kwa mita 1 na zaidi, wakati mwingine karibu 1.75. Ongeza mita 1.5 ya mwili kutoka pete hadi miguuni, na mita 1 ya akiba. Unahitaji zaidi ya mita 6 za uwazi chini yako. Paa la nyumba ya chini lina mita 3 au 4. Kwa hiyo mtu amevaa mkanda, amefunga kila kitu kama inavyotakiwa, na bado atagonga ardhi. Kwa nyumba ya chini fupisha kamba ili asiweze kabisa kuufikia ukingo. Hapo mkanda unamzuia kuanguka, haungoji kumdaka.

Pangeni pia namna ya kumshusha. Aliyening'inia kwenye mkanda bila kusogea anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache kwa damu kubaki miguuni. Ngazi ndefu iwe tayari chini, si dukani kwa jirani.

8. Sasa helmeti

Tazama ndani ya gamba. Ya kweli ina alama ya kiwango na tarehe ya kutengenezwa. EN 397, kiwango cha Ulaya, ni helmeti ya kawaida ya viwandani: imeundwa kwa ajili ya kitu kinachokuangukia utosini, na kamba yake ya kidevu huachia ikivutwa kwa nguvu. EN 12492 ni ya wapanda milima, kamba yake hubaki kidevuni, ndiyo maana wengi wa kazi za juu huipendelea. Ukiona ANSI Z89.1, kiwango cha Marekani, Type II hulinda na pembeni, Type I ni utosini tu.

Kuvaa: mbele iwe juu ya nyusi vidole viwili, si kisogoni kama kofia ya sherehe. Kaza gurudumu la nyuma mpaka ukiinama isidondoke. Funga kidevu. Helmeti isiyofungwa hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini, na hapo uliinunulia sakafu.

Kati ya gamba na utando wa ndani kuna nafasi ya kama sentimita 3. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi, usiweke humo simu, sigara wala kofia nene. Mtandio mwepesi au kitambaa chembamba hakina shida.

Usiipake rangi, usiioshe kwa thina au petroli, usiitoboe ipitishe hewa. Isitumike kuchotea maji wala kubebea misumari. Ikipigwa kwa nguvu mara moja, itupwe hata kama haina ufa unaoonekana, na uikate kabisa kwa msumeno, la sivyo kesho itakuwa kichwani mwa mtu. Iliyopauka, inayotoa unga ukiisugua, au inayolia ukiiminya pembeni, imeliwa na jua. Kofia ya bodaboda haichukui nafasi yake: inaziba masikio na macho ya pembeni.

9. Mtu akianguka au akigongwa kichwani

a) Simamisha kazi. Hakikisha hakuna kingine kinachodondoka.

b) Usimnyanyue, usimkalishe, usimwagie maji. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa na akishike pande zote mbili kisicheze. Aliyeumia kichwa mchukulie kuwa ameumia na shingo.

c) Kama hapumui, anza kukandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama anapumua lakini hana fahamu na anatapika, mgeuzeni ubavu watu watatu kwa pamoja, kichwa na mwili kama kitu kimoja.

d) Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi. Ukihisi mfupa umebonyea, usikandamize hapo katikati, weka kitambaa kuzunguka. Maji maji yakitoka sikioni au puani, usizibe.

e) Asipewe soda, chakula, wala aspirini.

f) Asafirishwe amelala juu ya ubao, kichwa kimeshikwa. Kumbana katikati ya watu wawili kwenye bodaboda ni kumalizia shingo yake. Kama uko Dar es Salaam na hali ni mbaya, majeraha ya ubongo hushughulikiwa na MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili. Mikoani ulizia mapema ni hospitali gani ina kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa), uandike kwenye ule ubao.

Hili linalofuata kila msimamizi anapaswa kulikariri. Mshipa ukichanika kati ya fuvu na utando wa ubongo, damu hujikusanya taratibu. Mtu huzimia kidogo, anaamka, anajifuta vumbi, anasema "niko poa, bosi", anakula chipsi zake na kutaniana na wenzake. Saa chache baadaye anaanza kusinzia. Wenzake wanadhani kachoka, wanamwacha alale. Haamki.

Aliyezimia hata kwa sekunde chache aende hospitali hata akikataa. Vivyo hivyo mwenye miaka zaidi ya 60 au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wengine wasilale peke yao usiku huo, na wasirudi juu siku inayofuata. Mpe ndugu au mwenzake wa chumba dalili hizi, akiona hata moja wakimbie hospitali:

- kichwa kinachozidi kuuma
- kutapika tena na tena
- usingizi usio wa kawaida, au kuamshwa kwa shida
- kuchanganyikiwa, kurudia swali lile lile, maneno kuburuza
- degedege
- mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine
- mkono au mguu kulegea
- weusi kuzunguka macho yote mawili au nyuma ya sikio
- damu au maji maji sikioni au puani

Mambo yakikwama

Mafundi hawavai helmeti, wanasema joto. Mara nyingi hawadanganyi. Nunua nyeupe au za rangi nyepesi, zenye utando wa ndani unaofulika, na umpe kila mtu yake aiandike jina. Nusu ya ugomvi ni jasho la mwenzako. Baada ya hapo, asiyevaa hapandi, na kanuni imwanzie msimamizi mwenyewe.

Jukwaa linacheza ukipanda. Shuka. Angalia kwa mpangilio huu: udongo chini ya miguu, mshazari uliotolewa, kifungo cha jengo kilichokatwa, kisha mzigo. Kuongeza msumari pale linapolia hakuondoi sababu.

Mwenye nyumba anasema hana hela ya mikanda. Mwombe walau mbao za kizuizi na misumari, ambavyo utavitumia tena kwenye kazi nyingine, kisha panga paa lifanywe kwa jukwaa pembeni badala ya watu kukaa ukingoni. Akikataa hata hilo, kazi ya paa usiichukue.

Kibarua ni wa siku moja, hamjui mtu. Zungukeni naye mashimo na kingo kabla hajashika sepeto. Siku ya kwanza abaki chini.

Aliyeanguka anaficha ili asikose posho. Mlipe siku anayokwenda hospitali, na wote wajue unalipa. Ukimkata, anayefuata atanyamaza.

Gharama za matibabu ni za nani? Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi. Kenya sheria ya WIBA ya 2007, ya fidia ya majeraha ya kazini, inamtaka mwajiri awe na bima. Jisajili kabla ya kazi, maana baada ya ajali umechelewa. Toa taarifa mara moja, andika siku ile ile saa ya tukio, kimo alichoanguka, kama alizimia, nani waliona. Piga picha za jukwaa au ngazi kabla hakijaguswa kitu, na usiruhusu mtu kulifumua mpaka ukaguzi uishe.